Glasi Sita za Kawia

Maziwa yalikuwa yameharibika tangu jana. Mwanamke aliyekuwa akimwaga yaliyobaki kwenye sinki aliishika sufuria kwa ncha za vidole, uso ameupeleka pembeni, mdomo kaubana. Alipogeuka ndipo akakiona kikombe cha mumewe mezani. Kitupu. Mabonge mawili madogo yalikuwa yameganda kwenye ukingo, na mwenyewe alikuwa amekaa na kipande cha mkate mkononi, anatazama nje ya dirisha namna ukungu ulivyokuwa ukipanda kutoka mtoni na kuifunika mizabibu, safu moja baada ya nyingine, kama mtu anayetandika kitanda bila haraka. Alikuwa ameyanywa yote. Tena alipomaliza alifuta mdomo akasema asante.

Angekuwa mume wa mtu mwingine ungesema njaa haina adabu. Lakini huyu alikuwa mwonjaji wa mvinyo wa shamba lile, na wafanyakazi wote walimwita Bwana Pua. Ukila kitunguu Jumapili, Jumanne atakwambia. Mwaka mmoja alisimama kwenye mlango wa ghala, akainua kichwa, akasema kuna panya amekufa nyuma ya safu ya tatu ya mapipa, na panya akapatikana palepale, miguu juu. Sasa mtu wa namna hiyo amekunywa maziwa yaliyochacha kikombe kizima na kushukuru juu yake.

“Mimi nilishaona,” akasema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko. Ajuza yule alikuwa na miaka zaidi ya themanini, na kitu pekee mwilini mwake kilichokuwa hakijazeeka ni ulimi. “Mwanangu siku hizi anakula kama mtu anayejaza fomu.”

“Mama, nawe,” akasema mwanawe.

“Mama nini? Jaza, jaza. Usisahau kutia saini.”

Mwanamke alivuta kiti akakaa mbele ya mumewe. Hapo kazini yeye aliitwa Mama Glasi, kwa sababu ndiye aliyeziosha, kuzikausha na kuzipanga glasi za chumba cha kuonjea. Walioana miaka kumi na tisa iliyopita, na miaka hiyohiyo kumi na tisa walikuwa wametoka nyumba moja kila asubuhi na kuingia chumba kimoja, yeye na taulo, mumewe na pua.

“Tangu lini?” akamuuliza.

“Tangu lini nini?”

“Bwana, usinifanye mgeni.”

Mume akauweka mkate chini. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tabia ya kushusha sauti wakati wengine wanapandisha. “Tangu ile homa,” akasema.

“Miezi minne?”

“Nilidhani itarudi. Kila siku naamka kabla yako, nanusa mto wako. Najiambia, leo.”

“Na?”

“Hakuna kitu. Si jasho, si sabuni, si wewe. Ni kama kulala karibu na picha.”

Hapo mwanamke aliona huruma na hasira vikimpanda kwa pamoja, na hakujua kipi akitangulize. Maana mambo mengi sasa yalijieleza yenyewe. Mwezi uliopita mumewe alikuwa amepitisha mvinyo wenye harufu ya uozo, ukarudishwa na mteja kwa maneno makali. Mwenye shamba, mjane mmoja wa maneno machache waliyemwita Bibi, hakugomba. Alimwambia tu, “Fundi, Alhamisi anakuja mnunuzi kuonja Kawia. Nataka na mimi nikuone ukionja.” Na wote wawili, mume na mke, walielewa. Nyumba waliyokaa haikuwa yao, ilikuwa nyumba ya mwonjaji. Aliyekuwa na kiti cha mwonjaji ndiye aliyekuwa na paa hili. Kiti kikienda, nyumba inakwenda, na ajuza wa miaka themanini na kitu anabebwa na godoro lake hadi wasikokujua.

“Keshokutwa,” akasema mwanamke.

“Keshokutwa,” akaitikia mumewe.

“Basi na mimi nikwambie la kwangu.” Alijifuta mikono ingawa haikuwa na maji. “Zile glasi zako, kabla sijaziosha, huwa nazinusa. Zote. Tangu mwaka wa kwanza. Mara mojamoja naonja kilichobaki.”

Mumewe alimtazama. “Miaka kumi na tisa unanusa makombo yangu, na hukuniambia?”

“Hukuniuliza.”

*

Tuseme kidogo kuhusu hiyo Kawia, maana si zabibu inayojulikana kwa jina lake halisi. Vitabuni ina jina refu ambalo hata mnunuzi, aliyesoma, alilitamka kila mara kwa njia mpya. Wachumaji ndio walioiita Kawia. Zabibu nyingine zote zikishavunwa, zikakamuliwa na kusahauliwa, hii bado imekaa kwenye mti, kijani, ngumu, kali kuliko ndimu, haina habari na mtu. Wachumaji walikuwa wakiipita wakicheka, “Kawia ufike, mama.” Nayo ilifika, wiki sita nyuma ya wenzake, baridi ikishaanza. Mvinyo wake ulikuwa mweupe wa rangi ya majani makavu, na ulikuwa mkali wote, toka pipa la kwanza hadi la mwisho. Kwa ulimi peke yake huwezi kutofautisha Kawia na Kawia. Utofauti wake uko puani, na ndipo balaa lilipokuwa.

Bibi alikuwa na mapipa sita ya Kawia, kutoka sehemu sita za shamba. Mnunuzi angechagua moja, na Bibi alitaka kujua ni mizabibu ipi abaki nayo na ipi aing’oe. Mpangilio wa glasi aliuandika mwenyewe kwenye karatasi, akaifunga kwenye bahasha. Mtu mwingine aliyeujua alikuwa Mama Glasi tu, kwa kuwa ndiye atakayemimina.

Siku moja kabla ya Alhamisi, Mama Glasi alirudi nyumbani kula mchana na chupa sita ndogo za dawa ya kikohozi alizozichemsha hadi zikasahau kikohozi. Kila moja ilikuwa na mvinyo wa pipa moja. Alizipanga kwenye meza ya jikoni, kwenye jua, kwa mpangilio uleule wa Bibi. Mumewe akakaa upande wake, karibu, mabega yao yamegusana. Ajuza aliwatazama, akakohoa kwa makusudi.

“Kama mnataka nitoke, semeni. Na mimi niliwahi kuwa na mume.”

“Kaa, mama, tunafanya kazi,” akasema mwanawe.

“Hivyo ndivyo na sisi tulivyokuwa tukisema.”

Mwanamke alicheka hadi akalazimika kuiweka chupa chini. Kisha akafumba macho, akanusa ya kwanza. Nzi alizunguka kwenye kioo, akachoka, akatua. Mwanga ulipita kwenye ile chupa ndogo na kuweka doa la njano kwenye mkono wa mumewe, likawa linatetemeka pale kila alipopumua.

“Haya,” akasema taratibu. “Hii ni ya mteremko wa mawe. Nguo nyeupe. Zimekauka juani, mtu anazipiga pasi na bado zina unyevu kidogo. Halafu jiwe la mlangoni, mvua ikiisha. Na mwisho kabisa asali. Si asali ya kulamba. Asali uliyoikumbuka.”

Mumewe alikuwa amegeuka anamtazama. “Hayo maneno umeyatoa wapi?”

“Mengine kwako.”

“Sikuwahi kusema pasi. Mwonjaji hasemi pasi. Kitabuni hakuna pasi.”

“Basi nusa wewe.”

Neno lilikuwa limemtoka mkewe kabla hajalipima, na alitamani alirudishe. Lakini mumewe aliitikia kwa kichwa tu, akasema, “Pasi. Sawa. Endelea.”

Wakaendelea. Ya pili ilikuwa ya mtoni, nyepesi, tango lililokatwa sasa hivi. Ya tatu ilitoka shamba jipya, pea iliyoiva ikasahauliwa kwenye kabati. Ya nne, nyuma ya ghala, ndimu na maganda yake. Ya tano ilikuwa ya kando ya barabara, nayo ilinuka vumbi linapopokea matone ya kwanza. Ya sita ilitoka kwenye pipa kuukuu ambalo Bibi mwenyewe alikuwa na shaka nalo. Mwanamke aliinusa mara moja tu akaisukuma mbali.

“Gunia,” akasema. “Gunia lililolala kwenye maji wiki nzima. Hilo pipa limevunda.”

Mumewe aliyarudia yote kama mtoto wa darasa la kwanza. Mawe, mto, shamba jipya, ghala, barabara, gunia. Aliyarudia akifunga viatu, akayarudia njiani, na usingizini mkewe alimsikia akinong’ona, “Tango.” Ilikuwa kama ndoto ya watu wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa shuka. Mwanamke alijisikia furaha ambayo hakuitafutia sababu. Kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa yakitoka kwake kwenda kwa mumewe, na mumewe alikuwa ameyapokea kwa mikono miwili.

*

Alhamisi saa nne asubuhi chumba cha kuonjea kilikuwa kimejaa mwanga. Mnunuzi alikuwa amefika mapema, bwana mnene, mpole, mwenye sweta la kijivu na daftari dogo. Alisema anapenda kuona rangi ya mvinyo vizuri, kwa hiyo Bibi aliamuru meza ndefu itolewe katikati na kusukumwa hadi dirishani, viti vitatu vipangwe upande wa dirisha, migongo ikigusa kioo. Bibi akakaa katikati, mnunuzi kulia kwake, Fundi kushoto kwake. Kila mmoja aliwekewa ndoo ya kutemea na kipande cha mkate.

Mama Glasi alimimina nyuma ya pazia, kutoka kwenye majagi sita. Miaka yote alikuwa akipanga glasi akiwa nyuma ya mumewe, mkono wake ukipita juu ya bega lake, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia. Leo nyuma kulikuwa na dirisha. Kwa hiyo alisimama mbele yao, ng’ambo ya meza, akaweka ya kwanza kushoto, ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho kulia. Akafanya hivyo kwa Bibi, akafanya kwa mnunuzi, akafanya kwa mumewe. Safu tatu, zimenyooka kama zilivyopaswa. Halafu akarudi ukutani na trei yake kifuani.

Kushoto kwake. Wewe msomaji umeshaona. Yeye alikuwa bado.

“Karibuni,” akasema Bibi. “Fundi, tuanzie upande wako wa kushoto. Anza wewe.”

Fundi aliinua glasi, akaizungusha, akaishusha puani. Lo, kama ungemwona! Kope zilishuka, kifua kikapanda, kimya chake kilikuwa na uzito wa zamani uleule. Akavuta kidogo mdomoni, akatafunatafuna, akatema kwa ustadi wa mtu aliyetema kwa heshima maisha yake yote.

“Hii,” akasema kwa sauti ya chini, “ni usafi mtupu. Nguo nyeupe zilizokauka juani. Jiwe baada ya mvua. Na mwisho wake kuna asali, lakini kwa mbali, kama unayoikumbuka.”

Mnunuzi alikuwa na glasi yake puani. Aliiondoa. Akairudisha. Akatoa leso.

“Samahani, Fundi,” akasema kwa adabu. “Hii tunayozungumzia ni hii ya kwanza?”

“Ndiyo hiyo.”

“Mimi… labda ni safari imenichosha. Napata gunia.”

Bibi alinusa yake. Alinusa tena, akaiweka chini polepole, akamtazama Fundi kwa upande.

“Kawia ni ngumu kwa mgeni,” akasema Fundi. Jasho lilikuwa limeanza kutokea juu ya mdomo wake. “Inataka subira. Tuipe nafasi.”

“Tuipe nafasi,” akasema mnunuzi, na akaandika kitu kwenye daftari. Alipoandika alitabasamu kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyotabasamu mzee anapojikwaa barabarani na kujifanya alikuwa akiinama. Tabasamu lile lilimchoma Mama Glasi kuliko tusi.

Gunia. Aliangalia meza. Aliangalia safu za glasi, akaangalia mkono wake mwenyewe wa kushoto ulioshika trei, kisha mkono wa kushoto wa mumewe ulioshika glasi. Mkono wake ulikuwa huku. Mkono wa mumewe ulikuwa kule. Ee Mungu wangu, nimeweka ya sita mwanzo wa safu yake. Nimezipanga zote kinyume.

Kuosha glasi ni kazi ya kimya. Katika chumba kile hakuwahi kusema neno zaidi ya “karibu” na “tayari”. Lakini sasa alimwona mumewe akiinyanyua glasi ya pili, ya barabarani, anajiandaa kusema tango, na miguu ikatoka ukutani yenyewe.

“Bibi, nisamehe. Kosa ni langu,” akasema. “Nimepanga glasi kwa mkono wangu, si kwa mkono wenu. Ya kwanza ndiyo ya mwisho. Fundi hana kosa. Mnisamehe, meza imehamishwa, sikuzoea.”

Alipomaliza alihema kwa faraja. Amemwokoa. Lawama iko kwake, na lawama ya mwosha glasi ni kukatwa jicho na yakaisha.

Mnunuzi aliacha kuandika. Mumewe aliiweka glasi chini, akafumba macho, safari hii kwelikweli.

“Sijaelewa,” akasema Bibi bila kupandisha sauti. “Glasi zikigeuka, pua nayo inageuka?”

Hapo ndipo Mama Glasi alipoelewa alichokifanya. Mtu anayenusa, ananusa kilichomo ndani ya glasi. Mpangilio unamhusu nini? Ungezipanga kwa duara, ungezipanga juu ya dari, gunia litabaki gunia. Anayedhurika na mpangilio ni aliyekariri. Alikuwa amefungua mlango ili kumtoa mumewe kwenye moto, na badala yake akawaonyesha watu wote kuwa ndani ya nyumba hamna mtu.

Bibi alinyoosha mkono hadi mwisho wa safu yake, akainua glasi ya sita, akanusa. Akampa mnunuzi. Mnunuzi akanusa, na uso wake mpana ukabadilika, ukalainika.

“Nguo,” akasema kwa mshangao. “Nguo zilizopigwa pasi.”

“Maneno ni ya kweli,” akasema Bibi. “Fundi, maneno haya ni ya nani?”

Fundi alisimama. Alishika ukingo wa meza. “Pua yangu imekufa, Bibi. Miezi minne sasa. Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza, nikaogopa. Ule mvinyo uliorudishwa ni mimi niliyeupitisha. Na maneno haya ni ya mke wangu.”

Aliyasema bila kuficha neno, na mkewe alimpenda wakati ule kuliko siku walipooana. Alimpenda na akatamani ardhi immeze, yote kwa pumzi moja.

“Mama Glasi,” akasema Bibi. “Weka hiyo trei chini. Geukia ukuta.”

*

Alisikia glasi zikisogezwa nyuma yake, miguu ya kioo ikigusa mbao. Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba uliotoka juu ya swichi hadi sakafuni. Alikuwa ameupaka chokaa mara mbili yeye mwenyewe. Akafikiri, nikishindwa, tunahama. Nikiweza, nimemzika mume wangu mbele za watu. Hakupata wa kumuuliza lipi ni zuri.

“Geuka. Kaa.”

Kulikuwa na viti vitatu tu. Mumewe akavuta chake nyuma, akakipangusa kwa kiganja kama kina vumbi, akasogea kando. Mwanamke akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake.

Glasi ya kwanza aliinusa kama mwizi, haraka, akihofia kukamatwa. Ndimu. Maganda. “Nyuma ya ghala,” akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba. Ya pili, gunia, hata haikuhitaji kufika puani. Ya tatu aliishika kidogo. Ilikuwa ya mtoni, ile nyepesi, na alipoivuta aliliona tango, akaona na kisu, na ubao, na maji yakitiririka juu ya mikono ya mtu asiyemjua, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuogopwa. Hofu ilimtoka bila kuaga.

Kuanzia hapo hakumbuki vizuri. Chumba kilikuwa kimeenda mbali. Mwanga wa dirishani ulimpiga mgongoni na kupita kwenye glasi, na kila glasi ilikuwa na jua lake dogo chini. Zilikuwa zote mvinyo mmoja, zabibu moja, mwaka mmoja, na bado kila moja ilikuwa imeyaona ya kwake. Hii ilikua na mawe. Hii ilisikia magari usiku na mchana. Hii ilikunywa maji mengi mno ikawa mvivu. Alizisema moja moja, kwa maneno yake, pasi na vumbi na yote, na hakuna aliyemkatiza. Angeweza kukaa pale hadi jua lizame. Alikuwa na furaha, tuseme wazi. Alikuwa na furaha kama hajawahi kuwa ndani ya nguo zake mwenyewe.

Alipofika ya sita alinusa, akarudi ya nne, akarudi tena ya sita. Akacheka.

“Bibi, umenitega. Hii na ile ni moja, zote za mawe. Pea ya shamba jipya umeificha wapi?”

Bibi akatoa glasi kutoka chini ya meza. Mnunuzi alifunga daftari, akapiga makofi mara tatu, akaona yuko peke yake, akaacha.

“Ya mawe naichukua mimi,” akasema.

“Mizabibu ya mawe itabaki,” akasema Bibi. “Ya mtoni tutaing’oa. Na wewe,” akamgeukia Mama Glasi, “kesho saa mbili ukae hapohapo ulipo. Nyumba inabaki kama ilivyo.” Alikuwa mgumu, lakini hakuwa mkatili, na neno lililofuata lilimchukua muda kulitafuta. “Fundi, glasi zitahitaji mtu.”

Mama Glasi ndipo alipokumbuka kutazama pembeni. Mumewe alikuwa amesimama ukutani, palepale aliposimama yeye miaka yote. Alisema, “Sawa, Bibi.” Akaichukua trei, akaanza kukusanya, na kwa sababu hakuzoea alizishika glasi kwenye matumbo, alama za vidole zikabaki kwenye kioo.

*

Walirudi nyumbani alasiri kwa njia ya katikati ya mizabibu. Kawia ilikuwa bado mtini, kijani, haina habari na mtu. Hewa ilikuwa imetulia kiasi kwamba moshi wa jiko lao ulisimama wima juu ya paa, hauelekei popote. Mume alitembea hatua mbili nyuma. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji.

“Sabuni ile inababua,” akasema.

“Utazoea. Paka mafuta kabla, si baada.”

“Kabla.”

“Kabla, ndiyo.”

Wakapita safu kadhaa. Nuru ilikuwa ya njano na ilipita kwenye majani hadi yakaonekana mishipa. Mwanamke alinusa udongo, akanusa majani, akanusa sabuni kwenye mikono ya mumewe, na aliona aibu kunusa vyote hivyo mbele yake.

“Nikuulize kitu,” akasema mumewe. “Ulipokaa pale, uliogopa?”

“Mwanzo.”

“Na baadaye?”

Jibu zuri lilikuwepo, tena tayari ulimini. Nilikuwa nakufikiria wewe tu. Nilifanya kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya mama. Angelipokea, na wangefika mlangoni wakiwa salama. Lakini walikuwa wamedanganyana vya kutosha, mume kwa pua miezi minne, yeye kwa makombo miaka kumi na tisa, na mwanamke alihisi amechoka.

“Baadaye nilisahau kama upo,” akasema.

Mumewe alisimama. Mwanamke alisimama pia, hakugeuka.

“Hata mimi,” akasema yule bwana. “Miaka kumi na tisa, na wewe umesimama hapo nyuma yangu na taulo. Nikishainua glasi, nilikuwa nasahau kama upo.”

Hakuongeza pole, wala hakuongeza neno jingine la kulilainisha. Mwanamke alilia kidogo, kwa utulivu, uso kauelekeza kwenye majani, na mumewe alingoja bila kumgusa mpaka alipomaliza. Kisha wakaendelea kutembea, mara hii sambamba, kwa kuwa njia ilikuwa imepanuka.

Ajuza alikuwa amejikokota hadi kizingitini, ameshika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili. Alikuwa na kitambaa kipya kichwani, na godoro lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba.

“Haya, nasubiri!” akapaza sauti. “Tunakaa au tunahama?”

Mwanawe alitangulia kujibu.

“Tunakaa, mama,” akasema. “Mkweo amepata kazi.”